Maji Yabomoayo Nyumba

Ninyi mkaao Kindu mwajua vema mvua ni nini. Mji wetu umekaa karibu na nyuzi 3 kusini ya ikweta, kando ya mto Lualaba, na kila mwaka mbingu hutumwagia zaidi ya milimita 1,500 za maji. Dhoruba twaiogopa. Ikianza kunguruma upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto, kila mama huanua nguo zake na kila baba hutazama mabati yake. Ni vema. Lakini leo twataka kusema habari ya maji mengine, yasiyonguruma wala kumtisha mtu: maji ya robine idondokayo mchana na usiku, ya bomba lililopasuka chini ya ardhi, ya tundu la msumari katika paa, ya dimbwi lililotulia kimya chini ya ukuta. Haya nayo hubomoa nyumba, tena hubomoa wakati mwenye nyumba haangalii.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mwalimu mmoja, rafiki yetu, akaaye Mikelenge, alijenga nyumba ya matofali mabichi, akaitia sakafu nyembamba ya saruji, akaiezeka kwa mabati. Alikuwa na bahati ambayo majirani wake wengi hawana: bomba la maji lilifika mpaka uani kwake, na robine ilifungwa penye ukuta wa nyuma, ule wa chumba cha watoto. Nanyi mwajua, katika mitaa yetu maji ya bomba hayatoki saa zote. Mashine ya kuyasukuma ikisimama, hukatika siku mbili, hata juma zima. Na yakirudi, mara nyingi hurudi usiku wa manane. Basi mama wa nyumba alifanya wafanyavyo mama wengi: aliiacha robine wazi, akatega ndoo chini yake, ili maji yakija yasimpite.

Maji yalikuja. Yaliijaza ndoo, yakafurika, yakatiririka mpaka alfajiri chini ya ukuta, wala hakuna aliyesikia, maana maji yaangukayo juu ya udongo laini hayana kelele. Kulipokucha mama alifunga robine, akafagia tope, akafurahi kuiona ndoo imejaa. Siku nyingine ikawa vilevile, na juma lililofuata pia. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, mvua hakuna. Ndiyo sababu mwalimu alipoiona alama nyeusi ya unyevu imepanda ukutani kutoka chini hadi kimo cha goti, hakuitia moyoni. Alituambia baadaye: "Nilidhani ukuta huanguka wakati wa mvua tu."

Siku moja, saa sita mchana, jua likiwaka, ukuta ule ulishuka wote kwa mara moja, kama mtu aliyekatwa miguu. Nusu ya matofali iliangukia nje na nusu iliangukia kitandani. Mtoto wake wa tatu alikuwa amelala humo kwa sababu ya homa. Walimtoa hai, lakini mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Gunia la mchele lililokuwa pembeni lilifukiwa na tope, na daftari za shule za watoto wote wanne zilipotea pamoja nalo. Wazee walisema zamani kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyo rafiki yetu huifundisha methali hiyo darasani kila mwaka! Hatusemi hivi kwa kumcheka. Sisi wenyewe siku ile tulirudi nyumbani mbio tukazunguka kuta zetu, tukakuta pahali pawili penye alama nyeusi.

Kwa nini ukuta mnene namna ile uliangushwa na maji ya ndoo? Tofali bichi ni udongo uliokaushwa, basi. Likiwa kavu laweza kuchukua mzigo mkubwa: kuta, mbao, mabati, na hata upepo ukisukuma. Likinywa maji hulainika na kurudi kuwa tope, kwa kuwa halikupita motoni. Nalo tofali linyweshwalo kwanza ni lile la chini kabisa, ambalo limebeba mengine yote. Tena udongo hunyonya maji kuelekea juu, kama utambi wa taa unyonyavyo mafuta. Kwa hiyo dimbwi lililo chini huweza kulowesha matofali ambayo halikuyagusa kamwe. Kwa nje lipu ya saruji yaonekana nzima na nzuri, kumbe ndani pamekwisha kuoza. Hapa twaona heri tuseme wazi jambo ambalo mafundi wengine hawapendi kulisikia: kupaka saruji juu ya ukuta wa matofali mabichi si dawa ya maji. Saruji ni ngumu na udongo ni laini. Hupasuka nyufa nyembamba, maji huingia kwa nyufa hizo, kisha hufungiwa ndani yasipate njia ya kukauka. Lipu ya udongo uliochanganywa na majani makavu, au ya chokaa, huuacha ukuta upumue. Haina fahari, ni kweli, na hudai kutengenezwa tena mara kwa mara, lakini haifichi ugonjwa.

Basi ugonjwa huo hutambulikana kwa dalili gani? Alama nyeusi ipandayo kutoka chini. Unga mweupe kama chumvi juu ya lipu. Rangi iliyovimba na kubambuka. Harufu ya ukungu ndani ya sanduku la nguo. Njia za mchwa ambazo jana hazikuwapo, kwa maana mchwa hupenda penye unyevu. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole: ikilia wazi kama ngoma, jua kwamba imeachana na ukuta. Kazi hii yaweza kufanywa na mtoto wa miaka kumi, na twapenda wanafunzi wetu waifanye kila Jumamosi, kwa kuwa macho yao ni makali kuliko yetu.

Kwa hao wanafunzi tuna hesabu pia. Robine yenu yadondosha tone moja kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400, yaani matone 86,400. Matone 20 hivi hujaza mililita 1. Pigeni hesabu: ni lita 4 na zaidi kwa siku, na kwa mwezi karibu lita 130, yaani bidoni 6 za lita 20 na nusu ya ile ya saba. Sasa msiseme tone, semeni uzi mwembamba wa maji, ambao kwa dakika moja hujaza bilauri ya robo lita. Hizo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku, bidoni 18! Kwa mwezi ni bidoni 540. Mwambieni mama aliyebeba bidoni moja kichwani toka kisimani kwamba mia tano na arubaini zimemwagika uani kwa jirani, mwone atakavyowajibu.

Wenye mita ya maji wanayo njia nyepesi ya kujua kama bomba lao lavuja pahali pasipoonekana. Chagueni usiku ambao maji yapo. Kabla ya kulala, fungeni robine zote, chukueni taa, mwandike namba zilizo kwenye mita. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajachota, tazameni tena. Kama namba zimesogea na hakuna aliyefungua, maji yamepita njia yake mwenyewe, nanyi mtayalipia. Tafuteni basi pahali uani ambapo majani yamestawi kijani kibichi wakati wa kiangazi ilhali pengine yamenyauka, au ambapo ardhi yabonyea chini ya mguu. Chimbeni hapo. Kwa kawaida bomba lililo kabla ya mita huangaliwa na shirika la maji, na lile lililo baada ya mita ni juu ya mwenye nyumba. Mkiona maji yakibubujika barabarani, yafaa kwenda kuwaarifu REGIDESO, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1939 kwa kazi ya kugawa maji mijini. Msingoje jirani aende, maana jirani naye awangoja ninyi.

Kuna hatari nyingine ya bomba lililopasuka, nayo ni kubwa kuliko gharama. Wengi hudhani kwamba penye ufa maji hutoka tu, na kitu hakiwezi kuingia. Ni hivyo wakati maji yanaposukumwa kwa nguvu. Lakini mashine ikisimama na bomba likianza kuwa tupu, nguvu hiyo hugeuka: bomba huvuta kama mtoto avutaye maji kwa mrija, na kilicho nje ya ufa huingia ndani. Ikiwa ufa umelala katika dimbwi chafu, au karibu na shimo la choo, uchafu huo huingia bombani, nao ndio wa kwanza kutoka maji yakirudi. Miaka hii ya karibuni mkoa wetu wa Maniema umepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, nasi tumezika watu. Kwa hiyo maji ya kwanza yarudiapo baada ya kukatika, hasa yakiwa na rangi ya udongo, yawe ya kuoshea sakafu. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Na ule mpira wa baiskeli? Twajua, twajua. Hapa Kindu hakuna nyumba yenye bomba ambayo haijapata kufunga ufa kwa ukanda wa mpira wa gurudumu lililochakaa. Kwa usiku mmoja ni msaada mzuri, wala hatuwakatazi. Lakini tumeona mipira iliyokaa miaka mitatu, imekauka na kupasuka, na chini yake bomba limeoza kuliko lilivyokuwa. Mpira huzuia maji kidogo, hauzuii uchafu kuingia. Mfunge leo, na kesho mwiteni fundi akate pahali palipoharibika na kuunga kipande kipya.

Robine idondokayo, kwa upande wake, haihitaji fundi kila mara. Sababu, mara nyingi, ni kipande kidogo cha mpira kilichomo ndani yake, ambacho kazi yake ni kuziba njia ya maji mtu akifunga. Kikichakaa, watu huikaza robine kwa nguvu zaidi na zaidi, hata kwa koleo, na hivyo hula na kile chuma kinachokikalia. Afadhali kufunga kwanza robine kuu, ile izuiayo maji ya nyumba yote, kuifungua hii iliyochakaa, na kupeleka kile kipande sokoni ili mpate kingine cha kipimo kilekile. Penye maungio ya chuma, fundi huzungusha katani au ule utepe mwembamba mweupe kabla ya kukaza. Mkimwona anakaza makavu, mwulizeni sababu. Mabomba ya plastiki nayo yana adui wawili, jua na magurudumu. Yakiachwa juu ya ardhi hukakamaa kwa jua na kuvunjika. Yakifukiwa kidogo tu, pikipiki ikipita juu yake huyapasua. Yafukieni angalau nusu meta, na penye njia ya kupita watu na vyombo mzidishe kina.

Sasa tuinue macho tutazame paa, maana maji mengi zaidi ya yote hutoka huko. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la meta 6 kwa 8 ina meta 48 za mraba. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 50, paa hilo hushusha lita 2,400, yaani bidoni 120, kwa saa chache. Kwa mwaka mzima, hata tukihesabu milimita 1,500 tu, ni lita 72,000. Zote zaanguka wapi? Kama upenu ni mfupi, zaanguka chini ya ukuta, na kila tone likipiga ardhi hurusha tope juu ya matofali.

Nendeni mkatazame nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa nyakati za wakoloni, kule karibu na reli na mto. Yapo mambo mengi ya nyakati hizo tusiyoyalilia hata kidogo, lakini mafundi waliozijenga, ambao walikuwa babu zetu, walijua kazi. Paa limetoka mbali kupita ukuta, baraza imezunguka, na ukuta haukuanza juu ya udongo mtupu. Siku hizi mtu apimapo mabati hutafuta kupunguza bati moja, na bati hilo analolipunguza ni lile la upenu. Twasema: punguza chumba, usipunguze upenu. Utoke hata kufikia sentimita 60 au zaidi.

Juu ya mabati yenyewe kuna kosa moja tuonalo kila mtaa. Bati la mawimbi lina migongo na mabonde. Maji hupita bondeni; kwa hiyo msumari hupigwa juu ya mgongo, ukiwa na kofia yake na kipande cha mpira chini ya kofia. Fundi mwenye haraka hupiga bondeni kwa sababu hapo bati limekaa juu ya ubao na nyundo haipotei. Kila msumari wa namna hiyo ni tundu katikati ya mto! Msumari uliolegea msiugongee palepale mara ya pili. Ung'oeni, mzibe tundu kwa lami, mpige mwingine kando. Na kazi hii ifanyike mwezi wa sita mpaka wa nane, mbao zikiwa kavu. Kupanda paa lililolowa ni kutafuta kifo.

Chini nako kuna kazi, nayo haidai faranga nyingi, yadai jembe. Ardhi ya kuzunguka nyumba iinamie nje, isiinamie ukutani. Chimbeni mfereji mahali ambapo maji ya paa huangukia, mtandike mawe au vipande vya matofali ya kuchoma, mwuelekeze kwenye migomba. Angalieni tu usielekee kwa jirani wala barabarani, maana maji ya nyumba kumi yakikutana njiani huchimba korongo, na korongo lisipozuiwa mapema hufika hadi milangoni. Penye robine, hasa ile ambayo majirani huja kuchota, wekeni sakafu ndogo ya saruji yenye mdomo wa kutolea maji, na robine yenyewe isimame mbali na ukuta, juu ya nguzo yake. Hapo mbu nao hukosa dimbwi la kutagia.

Mwajengao sasa, anzeni kwa mawe au matofali ya kuchoma hadi kimo cha goti, na katikati ya hayo na matofali mabichi mtandaze karatasi nene ya plastiki isiyo na tundu, ili unyevu usipande. Ni gharama, hatukatai. Rafiki yetu mwalimu aliikataa alipojenga mara ya kwanza, kwa sababu fedha ilikuwa imebaki ya mabati tu.

Ukuta wake alianza kuujenga tena mwezi wa nane, kabla mvua hazijarudi. Mawe ya msingi aliyanunua kidogo kidogo, mzigo mmoja kila apatapo mshahara, na wanafunzi wake wakubwa walimsaidia kuyabeba. Robine ameihamisha hatua nane kutoka nyumbani. Mama wa nyumba angali akingoja maji usiku kama zamani, maana hapana namna nyingine, lakini robine huifunga, na juu ya ndoo ameweka sahani ya bati, naye huifungua kidogo tu, kiasi cha tone, anapokwenda kulala. Maji yakifika hupiga sahani ile kwa kelele za kuamsha nyumba nzima. Aondokaye kitandani kwenda kuifungua na kuifunga ni yule mtoto wa tatu, achechemeaye bado kidogo. Yeye mwenyewe aliiomba kazi hiyo.